Hivi magendo ni kitu gani hasa?

Wadau, leo nataka tukae na neno moja tu: magendo. Sisi tunaokesha kwenye vyumba vya habari tunaliandika karibu kila wiki. Sukari ya magendo, mafuta ya kula ya magendo, vitenge vya magendo, kahawa ya magendo. Wahariri wanalipenda kwa sababu ni fupi, linakaa vizuri kwenye kichwa cha habari na msomaji hadai maelezo. Ukishaliandika umeshahukumu. Mwenye mali ni mwizi, askari ni shujaa, na picha ya magunia yaliyopangwa mbele ya kituo cha polisi inamaliza kazi.

Lakini hebu chukua gunia moja la sukari halali na moja la magendo, uyafungue yote mawili. Utaona tofauti gani? Utamu ni ule ule. Mara nyingi hata kiwanda ni kile kile. Tofauti iko kwenye karatasi ambayo gunia linatakiwa kutembea nayo, na karatasi hiyo kuna mtu mahali fulani anaitoa au anaikataa.

Nilipoanza kulichunguza neno lenyewe nilivutiwa na jinsi lugha mbalimbali zinavyoliangalia jambo hili. Waspanyola husema contrabando, na asili yake ni kwenda kinyume cha tangazo la mtawala. Yaani wao wameliita jambo kwa jina la amri iliyovunjwa. Waarabu husema tahrib, kutokana na kukimbia: mali imekimbizwa, imetoroshwa. (Msilichanganye na haribu yetu, hilo limetoka kwenye mzizi mwingine wa Kiarabu.) Sisi je? Ukiliangalia umbo la magendo unakutana na -genda, ambayo ndiyo -enda yetu kabla haijadondosha g njiani. Waganda husema okugenda, Wahaya husema kugenda, na safari kwa Wakikuyu ni rũgendo. Kwa hiyo mimi nalisoma neno letu kama miendo, nendanenda. Hakuna amri ndani yake wala hakuna dhambi. Kuna mtu na mzigo wake, anakwenda. Wenzetu wa mipakani nao wanazo njia za panya, na hapo pia anayetajwa ni anayepita, si anayezuia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kilichopita kimyakimya kilikuwa kitu chema. Baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, wafanyabiashara walihamia nchi kavu na kuwatembeza watu kwa miguu kutoka upande wa Kilwa kwenda kaskazini, mpaka mwaka 1876 misafara hiyo nayo ikapigwa marufuku. Hiyo ilikuwa magendo ya binadamu, na hapo aliyeweka zuio alikuwa sahihi. Ndiyo sababu swali la nani ameweka zuio, na kwa nini, lina uzito kuliko neno lenyewe.

Sasa twende Dumila.

Kwa wasiopajua, Dumila ni mji mdogo wa barabarani wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Wengi wetu tunaijua kwa dirisha la basi la Dodoma: wauzaji, matunda, mboga, kelele. Hapo ndipo njia inapochepuka kwenda Kilosa mjini na mbele zaidi Mikumi, na pale jirani, Magole, kuna njia ya Turiani. Ni mji wa mahindi na mpunga. Malori yanapakia, mizani inapima, simu zinaulizia bei ya Dar es Salaam. Nilipita huko kwa shughuli zangu za kazi, na kwa kuwa neno lilikuwa limeshaniingia kichwani, nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye magunia yake kama kijiji hiki kiliwahi kuwa na magendo. Nilitegemea aniambie habari za gongo au meno ya tembo.

"Magendo?" akacheka. "Mwanangu, magendo yetu yalikuwa mahindi."

"Ya kuiba, mzee?"

"Ya kulima! Shamba langu, jembe langu. Nikitaka kumpelekea dada yangu Dar es Salaam, naambiwa mwisho kilo 30. Debe la kwanza ni chakula. Debe la pili likijaa, ni magendo."

Nimelirudia hilo jibu mara nyingi. Kijana wa leo anaweza kudhani mzee anatia chumvi, lakini kikomo hicho kilikuwepo kweli. Nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine haikutakiwa kuzidi kilo 30 bila kibali, na vizuizi vya barabarani vilikuwa na kazi ya kuhakikisha hivyo. Mnunuzi aliyetambuliwa alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, lile NMC ambalo wazazi wetu bado wanalitaja kwa sura zisizoeleweka kama ni huzuni au kicheko. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mwaka huohuo ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya vijiji yachukue nafasi. Tangu mwaka 1973 kulikuwa na Tume ya Bei iliyopanga bei za maelfu ya bidhaa nchi nzima. Lengo halikuwa baya. Mkulima wa mbali alitakiwa apate bei sawa na wa karibu, na mnyonge asinyonywe na mwenye duka. Tatizo ni kwamba bei ya serikali ilikaa pale pale wakati kila kitu kingine kinapanda, na shirika lilichelewa kulipa. Mkulima wa Dumila alikuwa na barabara kuu mlangoni pake, na mwisho wa barabara hiyo kulikuwa na jiji lenye njaa. Unadhani angefanya nini?

Halafu mambo yakaharibika kwa mpigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka Novemba 1983. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 ikala fedha za kigeni, bei ya mafuta duniani ikapaa, viwanda vikakosa malighafi. Bibi yangu hutuhadithia jinsi mche wa sabuni ulivyokatwa vipande na kufungiwa sandukuni pamoja na nguo za sikukuu. Ukiwa na sabuni, jirani hakuulizi umenunua bei gani. Anakuuliza umeipata wapi. Jibu aghalabu lilikuwa Namanga, Tarakea, Horohoro... mpaka ambao kwenye ramani ulikuwa umefungwa.

Majirani zetu Waganda wakati huo walikuwa wamefika mbali zaidi. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na kugawa maduka yao, waliogawiwa wakaitwa mafuta mingi, na biashara yote iliyokuwa na maana ikahamia kwenye magendo. Alitoa amri ya mahakama maalum ya makosa ya uchumi mwaka 1975, haikusaidia. Baridi ilipoua mibuni ya Brazil mwaka huohuo na bei ya kahawa ikaruka, kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya kupitia soko la Chepkube kule Bungoma, na watu wakatajirika kwa msimu mmoja. Wasomi walioandika kuhusu uchumi huo kwa Kiingereza waliona lugha yao haitoshi. Reginald Green mwaka 1981 na Nelson Kasfir mwaka 1983 waliliweka neno magendo kwenye vichwa vya makala zao bila kulitafsiri. Sijui maneno mangapi ya Kiswahili yamewahi kupewa heshima hiyo, na hili letu lilipewa kwa kazi ya aina gani!

Kwetu, serikali haikutosheka na magendo. Neno lilikuwa laini mno, la kimtaani mno. Kwanza likapewa mwenza, ulanguzi. Kulangua ni kununua kwa wingi na kuficha ili uuze ghali, na mlanguzi akachorwa kwenye magazeti kama mtu mwenye kitambi. (Wakenya wamelichukua neno hilo wakalipeleka kwingine: kwao walanguzi ni wa mihadarati na wa binadamu. Mtanzania akisoma gazeti la Nairobi inabidi atulie kidogo.) Kisha likaja neno zito kuliko yote, uhujumu. Hujuma ni Kiarabu, maana yake ni shambulio. Ni neno la vita. Angalia safari hiyo: mtu yuleyule, debe lilelile, ameanza kama mtu anayekwenda, akawa mtu anayelangua, mwisho amekuwa mtu anayeshambulia nchi. Na adui wa vita hutendewa kivita.

Edward Moringe Sokoine alirudi kwenye uwaziri mkuu Februari 1983. Mwisho wa Machi msako ukaanza. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa, maghala yalivunjwa, na ikawa usiku watu wanatupa mali zao wenyewe vichakani na mtoni, sabuni, vitenge, vipuri, ili asubuhi wasikutwe nazo. Ulikuwa msako wenye mashabiki wengi sana, na hili vijana wenzangu tusilipuuze. Kwa mtu aliyepanga foleni ya sukari miaka minne, kuona ghala la tajiri likifunguliwa kulikuwa na raha yake. Sokoine mwenyewe hakuishi kitajiri, na mpaka leo ukitaka kumtukana kiongozi mla rushwa huhitaji matusi, mtaje Sokoine tu.

Lakini watu walikamatwa kwanza, sheria ikafuata. Bunge lilipitisha Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1983 baada ya msako kuanza na ikapewa nguvu ya kurudi nyuma kuwafunika waliokwisha kukamatwa. Kesi zilipelekwa kwenye baraza maalum. Wakili hakuruhusiwa, dhamana haikuwepo. Mkubwa aliyeficha makontena na mama aliyekutwa na katoni ya sabuni waliitwa jina moja. Mimi ni mtu ninayemheshimu Sokoine, lakini hili sijawahi kupata mtu wa kunieleza nikaridhika: kama kosa ni zito kiasi hicho, kwa nini mshtakiwa asiwe na mtu wa kumsemea?

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwaka huohuo 1983, serikali ileile iliyokuwa ikisaka wahujumu iliruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam. Kabla ya hapo magari hayo yalikuwa yakifanya kazi kwa kujificha, shirika la umma likiwa limezidiwa. Ndiyo hizo daladala. Kwa hiyo kuna dereva ambaye kabla ya ruhusa alikuwa mhalifu na baada ya ruhusa akawa anatoa huduma, kwa gari lilelile na barabara ileile. Nikipanda daladala ya Mbagala nikabanwa mlangoni huwa nalikumbuka hilo, ingawa halinipunguzii maumivu ya mguu.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma kwa gari. Alipita Dumila. Mbele kidogo, eneo la Dakawa, kabla hajafika Morogoro mjini, gari lake liligongana na gari lililokuwa likiendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC, chama ambacho kilikuwa na makazi yake hapo Dakawa. Sokoine alifariki akiwa na umri wa miaka 45. Taifa lilitangaziwa kuwa ni ajali, na mitaani maneno hayajaisha mpaka leo. Wanaosema alikuwa na maadui hawakosei, maana msako ule ulimpa maadui wa kutosha. Lakini kuwa na maadui si ushahidi wa namna alivyokufa, na sitaki kuongeza uvumi juu ya uvumi. Eneo hilo sasa linaitwa Wami-Sokoine na lina kumbukumbu yake. Chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro kilipewa jina lake mwaka huohuo.

Miezi miwili tu baadaye, bajeti ya Juni 1984 iliruhusu mtu yeyote mwenye fedha za kigeni aziagizie bidhaa kutoka nje, na hakuna aliyeulizwa fedha hizo kazipata wapi. Somo linahitaji utulivu hapo. Mwaka mmoja kabla, mtu aliyekuwa na dola nje ya nchi alikuwa mhujumu. Sasa aliombwa, tena kwa upole, azirudishe kwa sura ya magari, vitambaa na sabuni. Maduka yakajaa. Na kikomo cha nafaka barabarani? Kilipandishwa mwaka 1984 kutoka kilo 30 hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikafutwa kabisa. Mahindi hayakubadilika, mbegu ni ileile, na barabara ni hii hii iliyompitisha Sokoine. Debe la pili la yule mzee liligeuka kuwa biashara kwa tangazo la serikali. Ali Hassan Mwinyi aliyeingia Ikulu Novemba 1985 akaitwa Mzee Ruksa, na nadhani hakuna jina la utani lililowahi kueleza siasa za nchi hii kwa usahihi zaidi. Ukiruhusiwa, si magendo tena.

Waliofungwa nao? Sheria ya 1983 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 1984, iliyorudisha kesi kwenye mahakama za kawaida. Mwaka huohuo haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba kwa mara ya kwanza. Sidhani kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu.

Zanzibar neno hili lina historia yake, nayo ni ya karafuu. Mkulima wa Pemba alitakiwa kuuzia shirika la serikali, ZSTC, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, na Shimoni na Mombasa ziko pale ng'ambo, safari ya usiku mmoja kwa mtumbwi. Kuna wakati adhabu ya kuvusha karafuu ilikuwa kifo. Kikosi kilichoundwa kuwakamata wavushaji kinaitwa Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na kifupi chake ndicho mnachokijua nyote kwenye soka: KMKM. Kwa hiyo kila mechi ya ligi ya Visiwani neno letu linaingia uwanjani likiwa limevaa bukta. Kilichofanya kazi kuliko bunduki, kwa maoni yangu, ni kile kilichofanywa mwaka 2011, serikali ilipopandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo. Mtu akilipwa vizuri nyumbani, mtumbwi wa usiku anauacha kwa wavuvi.

Mtu anaweza kusema hayo yote ni ya zamani. Basi turudi kwenye mahindi. Juni 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi, akataka watu wasage kwanza wauze unga. Kuanzia siku hiyo lori lililopakia Dumila lilikuwa halali likiwa njiani, na likifika mpakani likawa la magendo. Baadaye ruhusa ikarudi, na lori hilohilo likavuka.

Sheria ya 1984 bado ipo. Ilifanyiwa marekebisho mwaka 2016 na Mahakama Kuu ikapata kitengo maalum cha rushwa na uhujumu uchumi. Septemba 2019 Rais aliwapa watuhumiwa wa uhujumu siku saba wakiri na kurudisha fedha ili waachiwe, na mamia wakaandika barua. Kati ya waliokuwa mahabusu wakati huo alikuwepo mwandishi mwenzetu, Erick Kabendera, aliyefikishwa mahakamani Agosti 2019 kwa mashtaka matatu: kuongoza genge la uhalifu, kutolipa kodi na kutakatisha fedha. Dhamana hakupata. Alitoka Februari 2020, baada ya shtaka la genge kuondolewa na yeye kukiri hayo mawili mengine na kukubali kulipa. Mama yake alifariki Desemba 2019, yeye akiwa ndani, na ombi la kwenda kumuaga halikukubaliwa.